Vyombo Vyote Nimepiga Mimi

Kila mlio utakaousikia kwenye albamu yangu, kuanzia gitaa linalonguruma hadi drams zinazodunda kifuani, umetoka kwenye mikono hii miwili. Sikusaidiwa na mtu. Ukisikia hata kikohozi humo ndani, ujue nimekohoa mimi.

Hayo niliyasema redioni kwa mdomo wangu. Na mchoraji wa jalada, ambaye hana dogo, akayaandika kwa herufi nyekundu zinazosomeka ukiwa ng'ambo ya barabara: VYOMBO VYOTE, WAYA. Waya ndilo jina langu la jukwaani. Jalada likachapwa kabla albamu haijawa na wimbo hata mmoja.

Sasa ngoja nikusimulie jinsi maneno hayo yalivyonitokea puani.

Kama wiki zilizopita gazeti lako lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijali, habari yenyewe ni fupi. Nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki. Nikajiona nimeizidi bendi kimo, nikatoka. Kutoka si kosa, watu hutoka. Kosa ni kwamba mtangazaji aliponiuliza kwa nini nimewaacha wenzangu, nilimjibu hewani, dunia nzima inasikia, kuwa mpiga drams wetu ananivuta nyuma. Kupiga naye, nikasema, ni kama kuendesha pikipiki iliyofungwa mkokoteni. Mtangazaji akacheka hadi akagonga maiki. Nikaona nimepatia.

Mpiga drams huyo ni shemeji yangu. Mume wa dada yangu mkubwa, dada aliyenibeba mgongoni, aliyenifunga kamba za viatu mpaka nakaribia kuota ndevu. Tangu siku ile dada hanisemeshi. Nikimpigia, simu inalia mpaka inachoka yenyewe.

Nikamfuata mama anipatanishe. Akanijibu bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa anakunja.

"Mimi simo. Hewani ulipanda peke yako, ushuke peke yako."

Basi nikajifariji: albamu ikitoka, wote watafunga midomo.

Studio ya Fundi Masikio iko ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kuta zake zimebandikwa vipande vya godoro vilivyotoka hukohuko chini. Fundi mwenyewe ni mtu mfupi, mpole, asiyekutazama usoni unapopiga. Hutazama sakafu, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Vaa hedifoni," akaniambia. "Utasikia kliki. Ifuate hiyo."

Kliki, kwa usiyeijua, ni mdundo wa mashine: tik, tik, tik, tik. Haupandi, haushuki, hauna huruma. Ukirekodi peke yako, chombo kimoja kimoja, huo ndio unaoushikilia wimbo usiyumbe, ili vyombo vingine vikija baadaye vikute pa kukaa.

Nikacheka. Kitu cha watoto!

Nikapiga. Vidole vikaruka, nyuzi zikalia, nikafumba macho nikajiona uwanjani, watu wamejaa mpaka juu ya uzio. Nilipomaliza nikavua hedifoni nikingoja sifa.

Fundi Masikio alikuwa bado anatafuta sindano yake.

"Umeshafika?" akauliza.

"Nimefika wapi?"

"Mwisho wa wimbo. Kliki bado iko kwenye kiitikio. Nikuletee kiti uisubiri?"

Nikapiga tena, nikakimbia tena. Akaongeza sauti ya kliki mpaka nikahisi kuna seremala amehamia ndani ya fuvu langu. Nikakimbia. Akaniambia nigonge mguu chini. Mguu nao ukakimbia pamoja na mkono, si ni wa mtu yuleyule? Akanikalisha, akanisimamisha, akanizimia taa nitulie. Gizani nikakimbia zaidi, labda kwa woga.

"Mashine yako mbovu," nikasema.

"Mashine inahesabu tu, bwana. Haijui kumchukia mtu."

"Mbona kwenye bendi sikuwahi kukimbia? Miaka yote ile! Waulize watu!"

Hapo ndipo aliponimaliza. Hakubishana. Alitafuta wimbo wetu wa zamani, ule uliotupa jina, akaufungulia kwenye spika kubwa.

"Sikiliza gitaa. Hapa unaanza kukimbia, unasikia? Sasa sikiliza drams. Zimekimbia nawe. Hapa umejikwaa, zimekudaka. Hapa unaruka pigo zima, yeye ameshajua, ametangulia huko anakusubiri. Na hapa, tega sikio vizuri, anakurudisha taratibu bila wewe kujua. Kama mtu anayemshika mkono mlevi barabarani kwa heshima, watu wadhani ni marafiki wanatembea tu."

Kule kunirudisha taratibu ndiko nilikokuita kunivuta nyuma. Ndio mkokoteni wenyewe.

"Mtafute mtu huyu," Fundi akasema. "Aje hapa, tuzime kliki, mpige pamoja kama mlivyozoea. Vyombo vingine utajiongezea mwenyewe juu yake."

"Hapatikani."

"Amekufa?"

"Amemwoa dada yangu."

Kwa mara ya kwanza Fundi akanitazama usoni. "Basi huyo anapatikana kuliko mimi."

"Drams nitapiga mwenyewe. Jalada limeshasema."

"Jalada!" akasema, akaguna. "Haya. Ila kumbuka wiki ijayo kwaya inaingia humu, na kwaya ikiingia haitoki leo wala kesho. Usipomaliza kabla yao, shauri lako."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Bendi nimeitukana, siwezi kurudi. Dada hanitaki. Mtangazaji ameahidi kuupiga wimbo wa kwanza mwisho wa wiki na amekwisha kuutangaza mpaka watu wananiuliza njiani. Albamu hii ikikwama, sina tena mahali pa kusimama na gitaa langu, labda jikoni kwa mama.

Nikaenda ukumbi wa mazoezi, nikakaa nyuma ya drams, nikajaribu. Mkono wa kulia ukafanya lake, wa kushoto lake, mguu ukabaki unashangaa. Mlinzi wa ukumbi akasukuma mlango.

"Kuna kabati limeanguka?"

"Nafanya mazoezi, mzee."

"Pole," akasema, akaufunga taratibu, kama anayetoka kwa mgonjwa.

Nikaketi pale nimeshika vijiti, nimekasirika na kila mtu: kliki, Fundi, mchoraji wa jalada, hata aliyebuni ngoma. Na katikati ya hasira hiyo wazo likanijia. Wazo baya huwa halibishi hodi. Likaingia, likakaa, likakunja nne.

Asubuhi nikaenda kazini kwa shemeji.

Shemeji hushona makochi. Karakana yake ni banda refu lenye vumbi la sifongo, na siku hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililochunwa ngozi, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kwenye midomo. Aliponiona hakushtuka. Alipigilia msumari mmoja. Akapigilia wa pili. Kwenye bendi mimi ndiye niliyempa jina la Gogo, kwa sababu hata nyumba ikiungua huyu atatafuta viatu vyake kwanza.

"Shikamoo, shemeji," nikasema. Kwa kawaida huwa tunaitana majina ya ajabuajabu, lakini mtu mwenye shida huwa na adabu.

Akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Marahaba. Pikipiki umeiegesha wapi?"

Mafundi wenzake wawili wakainamia kazi zao, mabega yanawacheza kwa kicheko.

"Shemeji, nimekuja kukuangukia. Nilikosea. Ulimi uliteleza."

"Uliteleza kwa dakika nyingi. Nilikuwa nasikiliza."

"Najua. Sina la kujitetea."

"Dada yako alizima redio. Mimi nikaiwasha tena. Nilitaka nisikie mpaka mwisho, nijue kama utasema hata kitu kimoja kizuri." Akapangusa nyundo kwenye suruali. "Ukaaga wasikilizaji."

Msomaji, hapo ningekuwa na akili ningeomba radhi ya kweli. Lakini mimi nilikuwa kazini. Nikalegeza sauti, nikaipaka asali.

"Nimekukumbuka, shemeji. Nimekumbuka kupiga na wewe. Njoo leo jioni pale ukumbini, tupige nyimbo mbili tatu. Hakuna albamu, hakuna jukwaa, hakuna mtu. Mimi na wewe tu, kama zamani."

Akanitazama. Yule mtu ana macho ya upole mpaka yanakera.

"Mimi na wewe tu?"

"Tu. Na usimwambie dada kwanza. Nataka nimfuate mwenyewe."

Akairudisha misumari mdomoni, akageukia kochi lake. Nikadhani nimekataliwa. Ndipo akasema, maneno yakipita katikati ya misumari:

"Nitachelewa kidogo. Kochi hili ni la watu wa harusi."

Jioni nilifika mapema. Mle ukumbini drams huwa na maiki zake zimesimamishwa saa zote, kwa ajili ya wanaokuja kupiga. Nikazichomeka waya kwenye kinasa sauti changu, nikakisukuma nyuma ya spika ya gitaa, nikakifunika koti. Kijitaa chake chekundu kikawa kinapepesa ndani ya mkono wa koti. Nikaukunja.

Shemeji akaja bado ana chembe za sifongo kwenye nywele. Akakaa, akavuta kiti, akaigusa maiki iliyokuwa juu ya ngoma ndogo.

"Na hizi?"

"Za waliotangulia. Achana nazo."

"Sawa."

Hakuuliza tena. Laiti angeuliza.

Tukapiga. Nifanye nini, siwezi kukudanganya katika hili: sijawahi kupiga vile maishani. Nyimbo zangu mpya hajawahi kuzisikia, lakini nikigeuka tayari yuko pale, nikiruka ananipokea, nikipunguza anapumua pamoja nami. Nilikimbia, ndiyo, na sasa nilijisikia nikikimbia, na nilimsikia akikimbia pembeni yangu bila kelele. Wimbo mmoja tuliumaliza tukabaki tunacheka kama wendawazimu, jasho linatutoka.

"Huu unaitwaje?" akauliza.

"Bado hauna jina."

"Mzuri. Una hasira, lakini mzuri. Mahali pale pa katikati ungeniachia nafasi kidogo niingie."

"Turudie basi."

Tukarudia. Nikamwachia nafasi. Akaitumia mpaka nywele zikanisimama.

Koo likanikauka, nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa bombani. Mlinzi akanizuia mlangoni.

"Leo kabati mmelitengeneza," akasema, ametabasamu mpaka magego. Tukapiga soga kidogo. Nilirudi nikamkuta shemeji anaiweka simu mfukoni, akajikohoza, akashika vijiti. Sikumwuliza kitu. Tukapiga mpaka nilipopata nyimbo zangu zote, na kila moja ikalala ndani ya koti.

Tulipoachana alinishika bega. "Asante, shemeji," akasema. Yeye! Ananishukuru mimi!

Kesho yake nikapanda kwa Fundi Masikio, kinasa mkononi, kifua mbele.

"Drams hizo. Zote."

"Amekupigia nani?"

"Nimepiga mwenyewe. Si nilikwambia?"

Fundi akaweka, akasikiliza, akainamia sakafu. Wimbo ukapita nusu hajatikisika.

"Mbona nasikia gitaa ndani ya maiki za drams?"

"Nilirekodi gitaa kwanza. Nikalifungulia kwenye spika nijifuate."

"Ukajifuata wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Wewe uliyeshindwa kuifuata kliki."

"Kliki siijui, Fundi. Mimi najijua."

Akafikiri. Na ninavyokwambia, alinyoosha mkono akanipa, kwa heshima kabisa. "Basi nisamehe. Nilikudharau. Watu wanaoweza kujisikiliza hivi ni wachache." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kwa ajili yako: "Jalada lako halikudanganya, bwana."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Sifa ikanikaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Simu yake ikaita, akatoka nje kuongea. Akaniacha na hedifoni. "Nitafutie mwanzo wa wimbo ule wa tatu, nikirudi tuukate."

Nikawa natafuta. Nikasikia wimbo wa pili unaisha, kicheko chetu, miguu yangu inatoka, mlango unafungwa. Kisha kimya cha ukumbi. Nilikuwa nakaribia kuruka mbele nilipoisikia sauti ya shemeji, karibu kabisa, ndani ya masikio yangu. Maiki za drams zilikuwa zinamtazama usoni.

"Haloo... Mimi. Niko ukumbini... Na mdogo wako."

Kijiti kikagonga ukingo wa ngoma mara mbili.

"Usianze, mke wangu. Amekuja mwenyewe karakana, mbele ya watu, ameniomba radhi... Ya kweli, nakwambia. Aliniambia nisikwambie, lakini jambo la furaha mimi silali nalo."

Mkono wangu ukabaki juu ya mashine, hauendi mbele wala nyuma.

"Sasa sikiliza. Ile albamu yake, naona drams zinampa taabu. Hajasema, lakini namjua. Nyimbo zenyewe nzuri, ungezisikia! Muulize kama ananihitaji... Hapana, uulize wewe. Mimi nikiuliza ataona najipendekeza. Tena mfuate hukohuko studio, nitakusindikiza... Jina? La nini? Aandike lake tu, si kalipigania. Mimi nataka nimpigie basi."

Kisha akacheka kidogo, akaaga, na nikasikia nyayo zangu mwenyewe zikirudi na maji.

Nikavua hedifoni. Nikazivaa tena. Nilikuwa nimemwibia mtu kitu alichokwisha kukishika mkononi, ananitafuta anipe.

Utani wote niliozaliwa nao ukaniishia. Nikafikiri: inuka sasa hivi, nenda karakana, sema. Nikafikiri tena: Fundi nimekwisha kumdanganya na amenipa mkono. Mtangazaji anasubiri. Jalada limechapwa, limejaa maboksi chini ya kitanda changu, nalala juu ya uongo wangu mwenyewe. Nikienda kusema, nitasema nini? Kwamba msamaha ulikuwa chambo? Kwamba ile jioni njema kuliko zote nilikuwa nimeificha ndani ya koti?

Na nisiposema, nani atajua? Sauti hii imo ndani ya mashine hii tu.

Nikaweka alama pale aliposema "haloo". Nikaweka nyingine pale alipoaga. Nikabonyeza. Shemeji akatoweka. Wimbo wa pili ukaungana na wa tatu, safi, bila mshono.

Nilikuwa bado nimeinamia mashine mlango ulipofunguliwa.

"Una mgeni," Fundi Masikio akasema. "Nimemkuta hapo chini anauliza njia. Umenificha dada mzuri hivi!"

Dada yangu akaingia. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kwa wakwe, na usoni alikuwa na ile haya ya mtu aliyekasirika muda mrefu na sasa hajui aanzie wapi.

"Hujambo, wewe mtoto," akasema.

Wewe mtoto! Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nikitambaa. Nilikuwa nimelikosa neno hilo mpaka nikadhani limekufa.

"Sijambo, dada. Shikamoo."

"Umekonda. Unakula?" Hakungoja jibu. Akanisogelea, akanitoa kitu kwenye ukosi wa shati, kitu ambacho nadhani hakikuwepo. "Nilisema sitakuja. Lakini shemeji yako ameniambia ulikwenda kumwangukia mbele ya mafundi wake, na ninavyojua kiburi chako, nikasema basi, kijana amekua. Nimekuja na swali moja. Si langu."

"Dada, tutoke nje tuongee."

"Kwa nini nje? Hapa pazuri."

"Pana joto."

"Mwache dada akae!" Fundi akadakia, kiti tayari amekivuta. "Tena amekuja kwa wakati. Dada, unajua ndugu yako ni mtu wa namna gani? Hujui. Watu wa nyumbani huwa hawajui. Subiri."

"Fundi, acha," nikasema. "Bado hatujaisafisha."

"Haihitaji kusafishwa! Dada, sikia drams hizi. Amepiga yeye. Peke yake, mle ukumbini, anajifuata mwenyewe. Mimi ni mtu wa kazi hii tangu sijaota mvi, na jana ningeapa hawezi."

Nikanyoosha mkono kwenye mashine. Akanipiga kofi dogo la kirafiki, akabonyeza.

Wimbo ule usio na jina ukajaa chumba.

Dada alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu kwa muda, mdomo umesahauliwa pale, huku macho yakibadilika. Akainamisha kichwa upande. Wimbo ukafika ile nafasi ya katikati niliyomwachia mwenzangu, na zikaingia drams, na dada akafumba macho. Miaka mingapi amelala pembeni ya mtu anayepiga mapigo hayo kwenye ubao wa kitanda, kwenye meza ya chakula, kwenye mgongo wa mtoto anayebembelezwa?

Alipofumbua, hakunitazama mimi. Alimtazama Fundi.

"Amesema amepiga yeye?"

"Yeye mwenyewe! Hata jalada limeandika. Mwonyeshe jalada, Waya."

Sikumwonyesha. Hapakuwa na haja, moja lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma yangu, na herufi zake nyekundu. Nikamwona analisoma. Alilisoma polepole, kana kwamba lina maneno mengi.

"Dada," nikasema. "Ngoja nikueleze."

"Ulipiga lini?"

"Dada, tafadhali..."

"Nakuuliza ulipiga lini. Jana jioni?"

Fundi akacheka kidogo, akaacha. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Dada akainuka, akaenda dirishani, akasukuma kioo. Chini mtaani kulikuwa na kelele za watu wanaopakia magodoro. Akainama nje.

"Wewe!" akaita. "Panda juu!"

Nikasikia sauti ya shemeji ikitoka huko chini, imejaa aibu. "Amesemaje? Amekubali? Nisipande, mwambie tu nimekuja na vijiti."

"Panda na vijiti vyako."

"Dada, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe. Leo hii. Nitamfuata nyumbani."

Hakugeuka. "Fundi," akasema, "rudisha mwanzo. Usizime mpaka afike mlangoni."

Fundi Masikio akarudisha mwanzo. Drams zikaanza upya, na chini yake ngazi ya chuma ikaanza kulia. Mtu alikuwa anapanda bila haraka, na kila hatua yake ilikuwa inaangukia palepale ngoma kubwa inapoangukia. Alipofika katikati ya ngazi nyayo zilisita, kama za mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Kisha zikaendelea.

Fundi akainua macho kutoka sakafuni. Akautazama mlango, akaitazama spika, akanigeukia mimi.